Difu inalia nikipanda Arusha, nikirudi Moshi inanyamaza

"Shikamoo fundi. Nina pikapu ya Toyota Hilux, ya gia za mkono, ina fowili (inaweza kuvuta kwa magurudumu yote manne). Nabeba ndizi kutoka Kibosho kwenda soko la Kilombero, Arusha, mara tatu kwa wiki, na naendesha mwenyewe. Miezi miwili iliyopita difu ya nyuma ilikuwa inavuja pale propela inapoingia, fundi akabadilisha sili, ikaacha kuvuja. Kama wiki tatu baadaye ikaanza kulia 'wiii' kuanzia spidi 60. Nikiwa na mzigo napanda Arusha inalia hadi utingo wangu anaweka vidole masikioni. Nikirudi tupu haisikiki, ila nikiachia mafuta kwenye mteremko inageuka kuwa kama mngurumo. Fundi wa kwanza kasema nitie oili nzito, namba 140, itanyamaza. Wa pili kasema difu imekufa, ninunue nzima ya mtumba. Wa tatu anataka kubadilisha pinioni peke yake, krauni anasema bado nzuri. Dereva mmoja hapa kijiweni ananicheka, anasema ni matairi. Nimshike nani? Na je, naweza kumalizia msimu nikikusanya pesa, au nitaachwa njiani?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaipigia mstari sentensi ambayo wewe umeipita haraka: kwamba ulibadilishiwa sili ya mbele ya difu, na wiki tatu baadaye kelele ikaanza. Tutarudi hapo. Hao mafundi watatu na huyo dereva wa kijiweni sidhani kama kuna mwongo kati yao. Kila mmoja amekupa dawa ya gari aliloliona siku nyingine. Ila kwa ulivyoeleza, hakuna hata mmoja aliyekaa kiti cha pembeni, ukaendesha, akasikiliza.

Unaogopa mambo mawili: kutoa pesa ya difu nzima bure, na kulala njiani pale mtelemko wa Kikafu na shehena ya ndizi. Hofu zote mbili zina msingi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Propela, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kutoka gia boksi, inazunguka kwa urefu wa gari, magurudumu yanazunguka kwa upana wake. Katikati ya ekseli ya nyuma ndipo mzunguko unapokata kona, na hapo ndipo ilipo difu. Pinioni, gia ndogo inayoshikana na propela, inaisukuma krauni, gia kubwa kama sahani, na krauni ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Uwiano mmoja unaokutana nao kwenye Hilux ni meno 10 ya pinioni kwa 41 ya krauni, kwa hiyo propela inazunguka mara nne na kitu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiwa spidi 80, gurudumu la pikapu linazunguka kama mara kumi kwa sekunde. Zidisha kwa 41, utaona meno yanakutana zaidi ya mara 400 kila sekunde. "Wiii" yako inatoka hapo. Ni mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na spidi, kama mtu anayepasha sauti kabla ya kwaya. Beringi ya gurudumu ikichakaa huwa na sauti nzito zaidi, ya kunguruma, na haijali sana kama umekanyaga mafuta au umeachia.

Meno ya difu, tofauti na ya gia nyingine nyingi, hayabingirishani tu. Pinioni imekaa chini kidogo ya katikati ya krauni, kwa hiyo kila jino linateleza juu ya jino mwenzake huku likisukuma, kama panga linavyopita kwenye jiwe la kunolea. Ndiyo maana difu ina oili yake, ile iliyoandikwa GL-5, yenye dawa ya kuzuia chuma kisikamatane na chuma pale mgandamizo unapokuwa mkubwa. Tena meno hayo yanatakiwa yakutane mahali pale pale siku zote. Mwanya kati ya jino na jino, kwa difu ya Hilux, ni milimita 0.13 hadi 0.18. Chukua karatasi mbili za daftari uzibane kwa vidole. Mwanya unakaribiana na unene huo. Pinioni ikisogea mbele au nyuma kwa kiasi ambacho jicho lako halioni, meno yanakutana pembeni badala ya katikati, na difu inaanza kuimba.

Pinioni inashikwa na beringi mbili za koni, moja kubwa karibu na krauni na nyingine ndogo mbele karibu na sili. Ukikanyaga mafuta, umbo la meno linaisukuma pinioni kwenda mbele, mbali na krauni, na beringi kubwa inabeba mzigo. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, magurudumu ndiyo yanayoisukuma krauni, na pinioni inavutwa kurudi ndani, beringi ndogo ya mbele ikibeba. Beringi zikiwa zimebanwa sawasawa, pinioni haiendi popote. Zikilegea, inaogelea: mbele ukikanyaga, nyuma ukiachia.

Sasa angalia njia yako. Arusha iko juu ya Moshi kwa karibu mita 500. Unapokwenda una mzigo na unapanda, hasa kuanzia Kikatiti kupita Usa River hadi Tengeru, na mguu uko kwenye mafuta muda wote. Unaporudi uko tupu, unashuka, difu haifanyi kazi ya maana. Kwa hiyo kule "kunyamaza" unakokusikia ukirudi kusikufariji. Ugonjwa uko pale pale ila hauguswi. Na ule mlio kugeuka mngurumo ukiachia mafuta unaniambia zaidi kuliko "wiii" yenyewe. Kelele ya ukikanyaga na kelele ya ukiachia zikiwa tofauti namna hiyo, wa kwanza kushukiwa ni pinioni iliyolegea, pamoja na beringi zake.

Turudi kwenye sili. Ili kubadilisha sili ile, fundi anatoa propela, anafungua nati kubwa ya pinioni, anavuta flenji (kile kisahani cha chuma ambacho propela inafungwa), anatoa sili kuukuu na kugonga mpya. Kuangalia kwa nje ni kazi ya saa moja. Lakini ndani, kati ya zile beringi mbili, difu nyingi za aina yako zina kibomba chembamba cha chuma. Nati inapokazwa kiwandani, kibomba hicho kinajikunja kidogo na kubaki kikisukuma kama springi, na huo msukumo ndio unaozibana beringi kwa kiasi kinachotakiwa. Kikishajikunja hakirudi. Fundi akikaza nati kuliko ilivyokuwa, anakikunja zaidi, beringi zinabanwa kupita kiasi, zinapata joto, uso wake unababuka, na baada ya wiki kadhaa unabaki na beringi zilizolegea na zenye vidonda. Akikaza pungufu, pinioni inaogelea tangu siku ya kwanza. Kazi iliyonyooka ni kutoa beringi ya mbele, kuweka kibomba kipya na nati mpya, na kukaza kidogo kidogo huku ukipima nguvu ya kuzungusha pinioni. Fundi wa dharura anayejali walau atatia alama kwenye nati na flenji kabla hajafungua, airudishe pale pale. Wengi, na nasema hivi kwa kuwa nimewafundisha baadhi yao, hukaza kwa spana ndefu na bomba mpaka mkono useme basi.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea kwako. Wiki tatu, sili, mlio wa pande mbili: ningekuwa mtu wa kubeti ningebeti hapo. Ila kabla hujamruhusu mtu afungue difu, fanya vipimo vichache ambavyo havina gharama.

Anza na huyo dereva wa kijiweni, maana matairi yamenidhalilisha mimi mwenyewe. Nikiwa kijana, nimeanza tu kushika spana bila mwalimu nyuma yangu, nilishusha difu ya pikapu ya mteja mara mbili, nikabadilisha beringi zote, na kelele ikabaki ile ile. Mzee mmoja akaja, akapitisha kiganja juu ya tairi za nyuma, akacheka. Zilikuwa zimeliwa kama ngazi. Kazi yote ile sikuitoza hata senti. Kwa hiyo pitisha kiganja juu ya tairi zako, mbele kurudi nyuma, kisha kinyume. Ukihisi meno meno, hamisha tairi za nyuma ziende mbele, ujaze upepo sawa, uendeshe tena. Kelele ya tairi pia hubadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto au vumbi. Ya difu haijui uko juu ya nini.

Kisha tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na matuta; ile tambarare ya karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA inafaa sana, asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Usijaribu kwenye mteremko wa Kikafu. Nenda spidi 80, muache utingo arekodi kwa simu. Kanyaga mafuta, sikiliza. Shika spidi ile ile bila kuongeza wala kupunguza, sikiliza. Achia mafuta ukiwa kwenye gia, sikiliza. Mwisho kanyaga klachi, weka frii, acha injini ishuke, usikilize gari likiserereka lenyewe, halafu rudisha gia. Mlio ukifa kabisa kwenye frii na kurudi ukikanyaga, uko kwenye meno au beringi za pinioni. Ukibaki vile vile kwenye frii, elekeza macho kwenye matairi na beringi za magurudumu. Na ukifuata injini hata gari likiwa limesimama, difu haihusiki kabisa.

Kona nazo zina lugha yake. Zunguka kipilefti cha YMCA pale Moshi taratibu. Kelele inayotokea kwenye kona tu, gari likinyooka inaisha, ni zile gia ndogo zilizo ndani ya krauni zinazoruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani. Kwako sioni dalili hiyo. Na mlio wa "ko!" unapoachia klachi au kubadilisha gia mara nyingi ni krosi za propela, vile viungo vyake vinavyopinda, fundi azikague akiwa chini ya gari, ni dakika mbili.

Ukitoka hapo, nenda gereji, na kipimo cha kuomba ni kimoja. Gari likiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, magurudumu ya mbele yamewekewa mawe, fundi atie alama kwenye propela na flenji kisha afungue bolti nne aishushe propela pembeni. Ashike flenji ya pinioni kwa mikono miwili, aisukume ndani na kuivuta nje, ainyanyue juu na chini. Wewe simama hapo uone. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia ni kawaida, huo ndio ule mwanya wa meno. Kuingia na kutoka, hata kidogo sana, hakutakiwi kabisa. Ukiona flenji inacheza ndani na nje, tumeshampata mgonjwa, na bado hakuna kilichofunguliwa.

Hapo hapo ashushe oili kwenye chombo safi. Mkumbushe afungue kwanza nati ya juu ya kujazia, maana ikikataa kufunguka na ya chini umeshamwaga, gari lako halitoki. Uji mweusi laini kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari mbaya. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Kwa barabara zetu za Kibosho wakati wa masika hilo si jambo geni: difu ikiwa ya moto ukaiingiza kwenye maji baridi ya korongo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Ina kipumulio kidogo juu ya ekseli cha kuzuia hilo, nacho kikizibwa na tope, difu inapumulia kwenye sili. Sitashangaa hata kidogo ikigundulika kwamba sili yako ya kwanza ilivuja kwa sababu ya kipumulio kilichoziba. Mwambie akisafishe, vinginevyo mtarudi pale pale.

Sasa wale watatu. Wa oili 140: oili nzito inatandika godoro nene kati ya meno na kelele inapungua kweli, kwa muda. Lakini haiwezi kubana beringi iliyolegea. Tena beringi ile ndogo ya mbele hulishwa na oili inayorushwa na krauni, na asubuhi ya baridi ya Kibosho oili nzito inachelewa kufika. Baki na 80W-90 au 85W-90 ya GL-5, na ununue duka unaloliamini, maana oili feki zipo. Dawa hii ya kunyamazisha ni ya kale. Wauza magari wajanja walikuwa wakitia vumbi la mbao ndani ya difu, wengine ndizi. Wewe ndizi unazo za kutosha, nakuomba usijaribu.

Wa kubadilisha pinioni peke yake ndiye ninayempinga moja kwa moja. Pinioni na krauni husuguliwa pamoja kiwandani, kisha zinatiwa namba zinazofanana. Ni mume na mke. Pinioni mpya kwenye krauni kuukuu italia kuliko unavyosikia leo, na itakula meno. Kama meno yameumia, zinunuliwe zote mbili. Kama hayajaumia, ziachwe zote mbili.

Wa difu nzima ya mtumba hakukosea sana, ametangulia tu. Kama flenji inacheza lakini oili ni safi na meno yanang'aa bila vidonda, kazi yako ni beringi za pinioni pamoja na vikombe vyake, kibomba kipya, nati na sili. Na kwa kuwa difu imeshashushwa, ningeongeza na beringi mbili za pembeni mwa krauni. Meno yakiwa yamebabuka, hapo difu iliyotumika mara nyingi inakuwa nafuu kuliko krauni na pinioni mpya pamoja na ufundi wa kuzipanga. Lakini gari lako lina fowili. Uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele. Ukifunga nyuma 43 kwa 11 wakati mbele ni 41 kwa 10, siku utakayoweka fowili magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana kama watu wawili kwenye shuka moja, na kitakachovunjika kitakugharimu kuliko difu. Usikubali neno la "hizi zote zinafanana". Ihesabiwe mbele yako, meno ya krauni na meno ya pinioni. Izungushe pinioni kwa mkono: iwe laini, isiwe na mchanga. Inuse: oili iliyoungua ina harufu ambayo haijifichi. Na mkubaliane kwa maandishi kwamba ikilia ndani ya siku kadhaa mnabadilishana.

Swali lako la kungoja msimu. "Wiii" nyembamba inayokua polepole kwa miaka, gari linaweza kuzeeka nayo. Nawajua wenye nazo. Yako si hiyo, imekuja ghafla baada ya difu kuguswa. Kipimo cha flenji ufanye wiki hii. Kama haichezi na oili ni safi, jaza oili mpya, punguza mikungu, usivuke spidi 60, na ukague kila Jumapili. Ukifika Usa River shuka uiguse difu: kuwa ya moto kiasi cha kutoa mkono haraka ni kawaida, lakini ukirushia matone ya maji yakachemka, simama. Na kama flenji inacheza, dada yangu, lipaki gari. Beringi ya pinioni ikikamata ukiwa spidi 80, magurudumu ya nyuma yanajifunga yote mawili, na utakuwa na watu nyuma yako na ndizi juu yako. Kodi gari la mtu wiki moja. Inauma, ila ina mwisho.

Kuhusu fundi wa kumpa kazi: kwa Arusha gereji za Unga Limited zina watu wanaofanya difu tu, na Moshi wapo pia ukiuliza madereva wa malori. Muulize atapimaje mwanya wa meno. Akikuonyesha ile geji yenye uso kama saa, na akakwambia atapaka rangi kwenye meno aone yanakutania wapi, mwachie. Akikwambia anapima kwa mkono, mshukuru uondoke.

Ukipenda kuja kwangu nisikilize mwenyewe, usiioshe difu, niione inavujia wapi. Njoo na hiyo rekodi ya simu, na njoo na mzigo juu, nusu shehena inatosha, maana tupu haitaniambia kitu. Chagua tu ndizi mbichi kabisa. Tutapanda nazo hadi Ngaramtoni na kurudi.